Mwanangu, Mawenzi Ilikuwa Kushoto

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka hapa Rau. Sisi ni wazima, dada yako alikuja juzi na watoto wake wakamaliza ndizi zote mbivu. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza usiku, nikausikiliza tena asubuhi. Unasema mlitoka Arusha na watoto kwenda kutafuta pale tulipokuwa tunapiga kambi mkiwa wadogo, mkafika Ngare Nairobi, mkapanda hadi karibu na Londorossi, mkazunguka kutwa nzima msione mto, wala uwanja wa majani, wala lile jiwe kubwa mlilokuwa mnalipanda. Ukaniuliza: "Mama, kambi yetu ilikuwa wapi hasa?"

Tazama picha ya Kilimanjaro uliyonitumia. Kibo imesimama peke yake. Sasa tazama ile ya kwenye albamu, ambayo dada yako aliipiga kwa simu wakati wa msiba wa baba yenu na kuwatumia wote. Mmekaa juu ya turubai, mdogo wenu ameshika kikombe cha bati kwa mikono miwili. Nyuma yenu Kibo iko kulia, na kushoto kuna ncha zilizochongoka. Ile ni Mawenzi. Ukiwa hapa Moshi, Mawenzi iko kulia. Ukiwa Rombo, Mawenzi ndiyo inayokukabili, Kibo iko nyuma yake. Ukiwa Ngare Nairobi huioni kabisa, Kibo imeiziba. Ili uione kushoto ni lazima uwe umeuzunguka mlima hadi kaskazini, upande unaotazamana na Amboseli. Nimewaambia tangu mko shule ya msingi: mtu akipotea kwetu huku, ainue macho kwanza autazame mlima, ndipo aulize njia. Wewe ulitazama simu.

Ngare Nairobi unaikumbuka kwa sababu mjomba wako alikuwa anasimama pale kununua viazi, nawe ulikuwa unaamka gari likisimama. Baada ya hapo unalala tena. Safari ilikuwa inaendelea, tunapita Olmolog, tunapita Lerang'wa, vumbi limejaa hadi kwenye meno, mpaka upande wa Kamwanga. Huko ndiko tulikokuwa tunaiacha barabara na kupanda.

Na mto usiutafute. Upande ule ni mkavu. Mawingu yanamwaga mvua yake huku kusini, Machame, Kibosho na Marangu, yakivuka kule hayana kitu. Ulichokiona wewe ni korongo. Tukienda Juni, masika yakiwa yametoka tu kuisha, lilikuwa na maji ya kukufika magotini, ukaliita mto, na baba yenu akakuacha uliite hivyo. Kisha zikaja mvua za El Nino za 1997 na 1998, unazikumbuka, madaraja yalikwenda na maji. Mvua za namna ile zinalipa korongo sura nyingine. Hata miti isikudanganye. Ile mipaina iliyopangwa kwa mistari, ambayo mlikuwa mnakimbizana katikati yake, ilikuwa ya kupandwa. Ikikomaa inavunwa, watu wanapewa eneo walime viazi na karoti katikati ya miche mipya mpaka miche iwafunike kwa kivuli, na mzunguko unaanza upya. Miti uliyoijua ukiwa na miaka tisa leo iko kwenye dari za watu. Mlima ndio uliobaki, na hata wenyewe umepungukiwa barafu. Ile barafu kubwa ya kaskazini iliyokuwa inawaka jioni mkinyoosheana vidole, mwaka 2012 ilionekana imegawanyika vipande viwili.

Sasa nikwambie jambo ambalo hukuniuliza, yaani kwa nini tuliacha kwenda.

Katika ujumbe wako ulisema unataka wanao waone nyota kama ulivyoziona wewe "usiku ule baba alipozima moto ili tuone nyota". Nilipofika hapo niliiweka simu mezani. Unachanganya safari mbili, mwanangu. Maji ya korongo ni ya Juni. Nyota ni za Septemba, likizo fupi ya mwaka 1996, na Septemba ile korongo lilikuwa kavu kabisa, maji tulibeba kwenye madumu.

Baba yenu alikuwa bwana miti, hilo mnalijua. Ambalo hamkulijua ni kwamba mwaka ule alikuwa ameshapunguzwa kazi. Alikuwa anaamka asubuhi, anavaa shati lake la khaki, anatoka. Ninyi mlidhani anakwenda kazini. Pale pa kupiga kambi ni yeye aliyepagundua akipima mipaka ya upandaji, miaka mingi kabla yenu. Alipasafisha kwa mkono wake, akachagua mawe matatu ya mafiga, akakwangua majani na sindano za mipaina kuyazunguka mpaka ukabaki udongo mtupu, ili cheche isipate pa kushika. Kila tulipofika, kazi ya kwanza ilikuwa kuukwangua upya udongo ule, kabla hata ya kushusha hema.

Usiku ule chai ilikuwa inakaribia kuchemka. Akatokea kijana na tochi, amevaa koti la ulinzi. Nilimtambua kabla hajafika kwenye mwanga. Alianza kazi akibeba miche kutoka kitaluni, na baba yenu ndiye aliyemfundisha kupogoa. Wakati mkewe alipojifungua mtoto wa kwanza, uji wake ulitoka jikoni kwangu. Akasema, "Shikamoo mzee." Baba yenu akaitikia, "Marahaba, kijana wangu, karibu chai." Kijana akabaki amesimama. Akauliza, "Mzee, una kibali?"

Mjomba wako alifungua mdomo. Baba yenu akainua kiganja, mjomba wako akanyamaza. Kisha akaipua sufuria akaiweka pembeni, akavitenganisha vijinga kimoja kimoja, akachukua dumu akamwaga maji polepole kuanzia kando kuja katikati. Mvuke ulipanda ukatuficha nyuso. Akachota udongo akafunika. Halafu akaugeuza mkono, akapitisha mgongo wa mkono juu ya majivu, hapa na pale, kuona kama kuna joto lililobaki, kama alivyokuwa akiwafundisha vibarua. Akamwambia yule kijana, "Weka mkono wako na wewe uhakikishe." Kijana akaweka mkono. Akaaga, akaondoka.

Ninyi mlikuwa mmeanza kulalamika kwamba kuna giza. Ndipo akawaita, "Njooni huku, nimezima ili tuone nyota." Akawalaza chali juu ya turubai, akawaonyesha Kilimia, lile kundi dogo la nyota, akawaeleza wakulima wa zamani walivyokuwa wakikitazama ili wajue majira ya kulima. Sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote. Mimi nilikuwa nimeshika ile sufuria ya chai ambayo haikuchemka, na nilikuwa nalia, na kwa kuwa hapakuwa na moto hakuna aliyeniona.

Hatukurudi tena. Mlipouliza, alisema gari la mjomba limeharibika.

Nimelibishania jambo hili na nafsi yangu miaka yote. Kijana alikuwa kazini. Septemba msitu umekauka, sindano za mipaina zinawaka upesi, na baba yenu mwenyewe angemfukuza mtu yeyote aliyewasha moto pale bila kibali. Alisema hivyo njiani tukirudi: "Amefanya kama nilivyomfundisha." Alisema mara moja tu. Nami najijibu: sawa, lakini moto ule uliwashwa na mtu aliyeujua msitu ule kuliko aliyekuja kuuzima. Kijana angeweza kukaa, akanywa chai kikombe kimoja, akasema, mzee, tukimaliza tuuzime. Heshima ingekaa mahali pake na sheria pia mahali pake. Halafu najiuliza, je, angekuta amelala mtu mwingine, kibarua asiye na jina, tungemtaka aanze kuchagua wa kumwambia na wa kumwachia? Baba yenu hakuwahi kumsema vibaya, na walipokutana sokoni Sanya Juu alimwitikia shikamoo yake. Basi na mimi sitamhukumu. Nina hukumu yangu, iko hapa kifuani, lakini sitaiandika.

Sasa ya leo. Tangu mwaka 2005 msitu wa asili wa mlima umeingizwa ndani ya hifadhi ya taifa, kwa hiyo kama pale pako juu ya mpaka, huwezi kwenda tu na hema lako. Utaanzia KINAPA, ndio wanaoisimamia hifadhi hiyo. Kama pako chini ya mpaka, utaanzia ofisi ya kijiji, na upande wa nyikani kuna jumuiya ya wanyamapori ya Enduimet. Tembo nao bado wanapita Kitendeni wakienda na kurudi Amboseli, kwa hiyo watoto wasiachwe watembee hovyo jioni. Vibali vyote shika mkononi, kwa karatasi, vyenye mhuri. Hilo nakuomba kama mama. Sitaki mtu yeyote akuulize swali lile mbele ya wanao.

Nitakuambia uende au usiende? Tangu asubuhi nimeandika "usiende" nikafuta, nikaandika "nenda" nikafuta. Nikiwaza wajukuu wangu wamelala chali wakionyeshwa Kilimia na wewe, nataka muondoke kesho. Nikiwaza umesimama pale ukitafuta mawe matatu kwenye shamba la viazi la mtu, nataka ubaki Arusha. Amua mwenyewe, sasa unajua ulichokuwa hukijui.

Ukienda, usianze na simu. Zunguka mpaka Mawenzi ije kushoto, na ncha yake iwe imeachana kidogo na Kibo kama kwenye picha ile, ndipo uanze kuuliza njia za kupanda. Na mpitie mjomba wako Sanya Juu umchukue. Magoti yanamsumbua lakini macho ni mazima, na yeye ndiye aliyekuwa anashika usukani, anaijua njia panda yenyewe. Mpigie kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumapili akitoka kanisani ana kikao cha harusi, na simu anaizima.

Nisalimie mke wako na watoto.

Mama