Baiskeli Ireland Majira ya Machipuko: Valia Njia ya Kurudi

Asubuhi ya Aprili mjini Dublin. Jua limewaka, lami kavu, simu inasema nyuzi 11. Mtu anatoka na kaptura na jezi nyepesi, anashika njia ya Enniskerry, anapita Glencree. Baada ya saa mbili yuko Sally Gap, kwenye milima ya Wicklow kusini mwa Dublin, karibu mita 500 juu ya bahari, mvua ya mawe inamchapa usoni na vidole haviwezi tena kubana breki. Na hapo hakuna dhoruba yoyote iliyotangazwa. Ndivyo yalivyo machipuko ya huku: jua, manyunyu, mvua ya mawe, kisha jua tena, yote kabla ya chakula cha mchana.

Kwa hesabu ya jadi ya Waairishi, machipuko huanza tarehe 1 Februari, siku ya Mtakatifu Brigid. Idara ya hali ya hewa, Met Éireann, inahesabu kuanzia Machi. Mwilini utawaamini Met Éireann, na hata wao utaona kama wamewahi. Machi mchana wa Dublin huzunguka nyuzi 10, Mei karibu 15. Aliyelelewa Njombe au Limuru atasema baridi hiyo anaijua. Anaijua ile ya kutulia. Hii ya Ireland inakuja na maji na upepo pamoja, na wewe mwenyewe unajiongezea upepo kwa kilomita 45 kwa saa kila unapoteremka.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: usivalie hali ya mlangoni. Valia saa ya tatu ya safari, ukiwa umelowa, umechoka, unateremka. Hewa hupoa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, hivyo nyuzi 11 za Dublin ni kama 8 pale Sally Gap kabla hujahesabu upepo.

Mavazi

Fulana ya ndani iwe ya sufu ya merino au ya wavu wa sintetiki. Pamba iache nyumbani kabisa; ikishika jasho mlimani hailiachii, na mteremko unaofuata unakuwa kama umejifunga taulo la maji baridi kifuani. Juu yake jezi, mikono ya kuchomoa, na kizibao cha kuzuia upepo. Kizibao ndicho kinachofanya kazi kubwa kuliko vyote msimu huu: kinakinga kifua, mgongo unapumua, na ukikivua kinaingia mfukoni. Koti la mvua liwe lile jepesi linalokunjika hadi ukubwa wa ngumi, mishono yake ikiwa imezibwa kwa utepe kwa ndani. Koti ambalo mishono haijazibwa huanza kuvuja mabegani na kiwikoni, pale pale linapobanwa.

Magoti yafunikwe chini ya nyuzi 15. Goti halina nyama ya kulikinga, na ndilo linalokatiza upepo mbele yako maelfu ya mara kwa saa.

Mikono inahitaji jozi mbili za glovu. Ya pili iwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, si kutupwa tu mfuko wa nyuma ambako maji ya tairi yanarukia. Glovu nene zina tatizo moja baya: ukizivua mikono ikiwa imelowa, bitana yake hugeuka nje pamoja na vidole, na hutaweza kuirudisha kando ya barabara. Glovu za neoprini, kitambaa kile cha nguo za wapiga mbizi, hulowa lakini huendelea kutunza joto, na huvalika zikiwa majimaji. Kwa Machi ni hizo.

Miguu ndiyo inayoonewa. Wengi hununua vifuniko vya viatu, wakarudi soksi zikichuruzika, wakailaumu bidhaa. Maji hayapenyi kitambaa. Yanashuka na mguu kutoka juu. Basi pindo la suruali lipite juu ya kifuniko, lisiingie ndani yake, kama vile bati la juu linavyolalia la chini. Halafu geuza kiatu: pale kibanio cha pedali kinapofungwa kuna matundu ya skrubu yanayopitisha maji na upepo moja kwa moja hadi kwenye soli. Toa soli ya ndani, bandika utepe imara juu ya matundu, rudisha soli. Ni kazi ya dakika 5.

Ukianza kupanda, fungua zipu mapema kabla jasho halijatoka. Ukifika kileleni, simama. Vaa koti, funga zipu hadi shingoni, ndipo ushuke. Mteremko kutoka Sally Gap kuelekea Laragh kando ya maporomoko ya Glenmacnass ni mrefu na hautaki kazi ya miguu, kwa hiyo mwili hauna pa kupata joto. Waendesha mbio wa zamani walikuwa wanasokomeza gazeti chini ya jezi kifuani. Bado linafanya kazi, na gazeti la siku utalipata duka lolote la kijijini.

Upepo

Watu wa pwani walipanga safari zao kwa kusi na kaskazi. Ireland upepo unaotawala ni wa kusini-magharibi, na kanuni ni ya kibaharia: nenda kwa kubisha, rudi kwa tanga. Anza safari ukiupokea usoni ukiwa na nguvu mpya, ukusukume kurudi ukiwa umechoka. Usiudharau. Ukienda kilomita 25 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 25 kwa saa, nguvu ya hewa inayokurudisha nyuma ni mara nne ya ile ya siku tulivu. Angalia nguvu ya jitihada yako, achana na kasi kwenye kioo cha spidomita.

Machipuko yana mtego wake: siku za anga tulivu na kavu, upepo ukitoka mashariki. Mashariki ya Dublin ni bahari, hivyo huwezi kuanza kwa kubisha. Anayetoka kuelekea tambarare za Kildare siku hiyo anaruka kama ndege, anajisifu, kisha anageuza na kukuta kilomita 40 za upepo baridi usoni. Siku ya upepo wa mashariki, elekea kusini na ubaki kwenye barabara ndogo zenye kona nyingi, au fupisha safari.

Barabara hizo ndogo zimezungukwa na ua wa miti ya miiba, kama michongoma ya Kenya ila mirefu zaidi. Ndani yake kuna utulivu mtamu. Hatari iko kwenye mageti ya mashamba: ua unakatika mita nne, upepo wa ubavuni unakupiga ghafla, kisha unakata. Ukiona geti mbele, shika usukani kwa mikono miwili, legeza viwiko. Rimu zenye kina kirefu cha milimita 50 zinashika upepo huo, zisubiri Juni.

Katika kundi, sheria inaruhusu wawili wawili sambamba. Upepo ukitoka ubavuni, kivuli chake hakiko nyuma ya mwenzako moja kwa moja. Kiko nyuma na pembeni kidogo, upande wa demani, yaani ule upepo unakoelekea. Lakini usiliache tairi lako la mbele lilaliane na la nyuma la mwenzako. Akiyumba kwa sababu ya geti, anayeanguka ni wewe.

Barabara na pancha

Sheria ya Ireland ya wanyamapori inakataza kukata ua kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Agosti, kuwapisha ndege wanaotaga, isipokuwa kwa sababu maalumu kama usalama wa barabara. Matokeo yake wakulima huwahi kukata kabla ya Februari kuisha, na vipande vya miiba vinabaki vimetapakaa lamini. Wiki za kwanza za Machi ndizo za pancha. Mwiba wa blackthorn, mti mmojawapo wa ua hizo, ni mgumu na mwembamba, na ncha yake hukatikia ndani ya tairi isionekane nje. Hapo ndipo mtu anapobadilisha tyubu, anaenda kilomita moja, anapata pancha nyingine, anadhani ana bahati mbaya.

Dawa yake inaanzia nyumbani. Unapofunga tairi, weka maandishi ya kampuni sawasawa na valvu. Siku ya pancha, toa tyubu, ijaze upepo, sikiliza tundu liko wapi, kisha ilaze juu ya tairi ukilinganisha valvu na maandishi. Sasa unajua eneo la sentimita chache la kukagua, upande huu wa valvu au ule. Pitisha kitambaa taratibu ndani ya tairi. Kitanasa pale penye ncha. Kidole kitupu kilichokufa ganzi hakisikii kitu, na kikisikia kimeshachomwa. Kunja tairi hapo, isukume ncha kwa nje, ivute kwa kibano kidogo. Ndipo uweke tyubu mpya, ukiitia pumzi kidogo kwanza ili isibanwe.

Tairi likikataa kuingia sehemu ya mwisho, sababu ni kwamba upande wa pili ukingo wake haujakaa kwenye mfereji wa katikati ya rimu. Zunguka ukiubonyeza ndani kwa vidole gumba kuanzia mkabala na valvu, utapata nafasi. Beba tyubu mbili na pampu ya mkono. Katriji ya gesi ya gramu 16 hujaza tairi la milimita 28 mara moja tu, na ikikosewa imekwenda.

Upana wa milimita 28 ndio chaguo langu kwa barabara hizi, au 30 fremu ikiruhusu. Mtu wa kilo 75 aanzie shinikizo la upepo la psi 75 nyuma na 70 mbele, apunguze 5 barabara ikiwa imelowa. Wenye tairi za tyubulesi, zisizo na tyubu, waweke mililita 40 hadi 60 za gundi ya maji ya kuziba matundu kila tairi na wakague kila miezi miwili au mitatu, kwani hukauka bila kutoa taarifa.

Mambo mengine ya kuangalia chini. Kuanzia Januari, tarehe ikitegemea eneo, wakulima huruhusiwa tena kumwaga samadi ya majimaji, na trekta huitoa barabarani pamoja na tope. Kwenye kona hiyo ni sabuni. Funga mdomo wa chupa yako kwa kifuniko. Usipite ndani ya dimbwi usilolijua, kwa sababu shimo lililojaa maji linafanana na maji matupu. Reli za Luas, tramu za mjini Dublin, zivuke kwa pembe iliyokaribia mraba, bila breki na bila kukata kona. Utabiri ukisema nyuzi 3 baada ya usiku wa anga wazi, uso wa barabara unaweza kuwa chini ya sifuri kwenye vivuli. Subiri hadi saa nne asubuhi. Na jua la chini baada ya mvua humpofusha dereva aliye nyuma yako. Washa taa ya nyuma hata mchana.

Wicklow, kondoo na wana-kondoo hulala barabarani. Mama akiwa upande mmoja na mtoto upande wa pili, mtoto atakimbilia mbele yako.

Baiskeli yenyewe

Madigadi kamili, si vile vipande vya kubana chini ya siti. La nyuma liwe na ulimi wa mpira unaokaribia chini, ama anayekufuata atakunywa barabara nzima. Nalo la mbele huokoa miguu yako kuliko vifuniko vya viatu.

Chumvi iliyomwagwa kuyeyusha barafu inabaki barabarani hadi Machi, na hiyo ndiyo inayokula mnyororo. Tumia mafuta mazito ya hali ya mvua: tone moja kwa kila rola, upande wa ndani, zungusha pedali mara 20, acha usiku kucha, kisha futa nje mpaka kitambaa kitoke karibu safi. Mafuta yanayobaki nje kazi yake ni kukusanya mchanga tu. Pingili 24 za mnyororo mpya, pini hadi pini, ni milimita 304.8. Zikifika 306.3 umechakaa asilimia 0.5, kwa gia za spidi 11 au 12 ubadilishe, la sivyo utanunua na kaseti.

Pedi za breki za diski zikibaki unene wa milimita 0.5 zimekwisha, lakini usipande Wicklow siku ya mvua na chini ya 1. Zenye chuma hudumu kwenye maji na mchanga kuliko za resini, ingawa hupiga kelele zaidi. Wa breki za rimu wachokoe vichembe vya alumini kwenye mpira kwa sindano kila baada ya safari ya mvua, na wakumbuke kwamba mzunguko wa kwanza wa gurudumu unafuta maji tu. Bana mapema.

Chakula ni kifupi: gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na ndizi ya wastani ina karibu 25. Baridi huondoa kiu, kwa hiyo kunywa kwa kufuata saa, usingoje kiu. Kituo cha kahawa kisizidi dakika 20. Nguo zilizolowa hupoa haraka kuliko unavyozungumza. Ukikwama mlimani, namba ya dharura ni 112 au 999.

Ukifika nyumbani, oga kwanza ukiwa bado na joto. Kisha mwagia baiskeli maji ya kawaida yasiyo ya shinikizo, maana mashine ya shinikizo husukuma mchanga ndani ya beringi za habu. Viatu vitolewe soli za ndani na vijazwe karatasi za gazeti. Zibadilishe baada ya saa moja, kwa sababu za kwanza zitakuwa zimeshiba maji.