Ukienda Suzhou, paa liache kwanza

Mwaka wangu wa pili wa kusomea usanifu majengo Shanghai, nilipanda treni ya mwendokasi hadi Suzhou, mji wa China wenye bustani za kale, safari ya kama nusu saa, nikarudi na daftari lililojaa mapaa yenye ncha zilizopinda kwenda juu. Mwalimu wangu alifunua kurasa zote kimyakimya, kisha akaniuliza, "Ulipokuwa unachora, ulikuwa umesimama wapi?" Sikuweza kumjibu. Wiki iliyofuata nikarudi.

Ndiyo maana kila mwenzangu anayekwenda kule kutafuta mawazo ya kubuni namwambia aliache paa kwanza. Anza na bustani za zamani, na uangalie zinavyokuongoza miguu na macho. Pale kwenye bustani ya Liu Yuan unaingia kwa korido nyembamba, yenye giza, inayokata kona hadi unajiuliza bustani yenyewe iko wapi. Mara unafika kwenye dirisha la nakshi, na nyuma yake maji yanang'aa. Bila ule ubanaji wa mwanzo, dimbwi lile lisingeonekana pana kiasi hicho. Halafu nenda Zhuozheng Yuan, bustani iliyoanzwa mapema miaka ya 1500. Simama upande wa mashariki utazame magharibi: juu ya miti utaona mnara wa hekalu la Beisi, utadhani umejengwa humo humo. Kumbe uko mbali, nje ya bustani. Wenyewe wanaita jiejing, yaani kuazima mandhari.

Ukishayaona hayo ndipo uingie Jumba la Makumbusho la Suzhou, ambalo liko jirani kabisa. Lilibuniwa na I. M. Pei, msanifu majengo Mmarekani mzaliwa wa China, ambaye ukoo wake ni wa Suzhou na uliwahi kuimiliki bustani ya Shizilin, alikokuwa akicheza utotoni wakati wa likizo. Lilipofunguliwa mwaka 2006 alikuwa na miaka 89. Hutakuta ncha zilizopinda wala vigae vya udongo. Kuta ni nyeupe zenye mistari ya kijivu, na paa ni mabamba ya matale yanayogeuka meusi yakinyeshewa, kwa hiyo siku ya mvua usiahirishe safari. Lakini daraja la kukata kona lipo, banda la kupumzikia lipo majini, na madirisha yanakata mti mmoja au mianzi michache kama picha iliyotiwa fremu.

Mahali pa kukaa muda mrefu ni mbele ya ukuta wa kaskazini. Pei hakutumia yale mawe yenye matundu ya Ziwa Tai yaliyozoeleka bustanini. Alichukua mawe ya Shandong, yakapasuliwa kuwa mabamba na kupangwa mbele ya chokaa nyeupe, mithili ya milima iliyochorwa kwa wino na Mi Fu, mchoraji wa enzi ya Song. Ukuta umekuwa karatasi. Inua macho kidogo: miti inayochungulia juu yake ni ya Zhuozheng Yuan, upande wa pili. Imeazimwa. Nilikaa pale saa nzima, na daftarini niliandika tu urefu wa ukuta kwa kukadiria na mahali nilipokaa.

Siku hizi, nikichora nyumba hapa Dar es Salaam, namuuliza mwenye nyumba atakaa wapi jioni na jicho lake litafikia nini. Kigamboni kuna nyumba niliyoshusha dirisha la ngazi likawa chini, jembamba, kwa sababu ya mwembe wa jirani. Mteja alikuwa ameshaomba ukuta wa fensi upandishwe. Nilimketisha kwenye ndoo ya rangi, pale ambapo ngazi ingepita, atazame mwenyewe. Fensi ikabaki ilivyo.

Kuingia makumbusho ni bure, ila weka nafasi mapema, na Jumatatu hufungwa.