Anafuata chake, nami napata maji

Kaka, unasema soko huria, yaani bei kuachiwa wauzaji na wanunuzi wenyewe, halifai kwa kuwa limejengwa juu ya ubinafsi. Mimi nakaa Mji wa Kale. Mifereji ikikauka, muuza maji husukuma mkokoteni hadi mlangoni kwangu, madumu ya lita 20 yamefungwa kwa kamba ya mpira, shati limelowa jasho. Haji kwa kunipenda (hata salamu huitikia kwa shida!). Anafuata chake, nami napata maji.

Shida ni wauza maji wakikubaliana bei barazani. Adam Smith mwenyewe, mwanauchumi wa Uskoti aliyelitetea soko huria, alionya juu ya hilo tangu 1776. Ila hao wa serikali unaotaka wapange bei nao si malaika. Mtaani kwetu ikija mikokoteni mitatu, bei hushuka. Ukibaki mmoja, siku hiyo naoga kwa kikombe.