Maswali ya Wasomaji: Kitambua Metali Kilichotumika kwa Ajili ya Ufukweni

SWALI: Nimeanza kupenda kutafuta pete na sarafu zilizopotea kwenye ufuko wa bahari, na ningependa pia kuingia majini hadi kifuani. Kifaa kipya kinachostahimili maji kinanizidi uwezo, kwa hiyo natafuta kilichotumika. Nimepata viwili kwa bei zinazokaribiana: Garrett AT Pro iliyotunzwa vizuri, na Minelab Excalibur ya zamani zaidi, iliyokwaruzika kwa nje, ambayo muuzaji wake hakumbuki ilifanyiwa matengenezo lini. Nichague kipi, na nikague nini kabla ya kulipa?

JIBU: Kama ungekuwa unatafuta kwenye ziwa au mto, ningekushauri uichukue AT Pro bila kusita. Kwa bahari, chumvi ndiyo inayoamua. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na kwa sababu hiyo mchanga uliolowa maji hayo huyajibu mawimbi ya mashine kana kwamba nao ni metali. AT Pro hufanya kazi kwa masafa (yaani kasi ya mtetemo wa mawimbi) ya aina moja tu, ya kilohezi 15, na haina njia ya kulinganisha majibu ya masafa mbalimbali ili itoe ya chumvi na kubakiza ya metali. Kwenye mchanga mkavu itakufaa sana, lakini ukifika pale mawimbi yanapovunjikia itaanza kulia ovyo, nawe utalazimika kupunguza wepesi wake wa kuhisi mpaka pete iliyozama kina cha kiganja isisikike tena. Zaidi ya hayo, imetengenezwa kuzamishwa hadi mita 3, lakini hedifoni zake za kawaida haziruhusiwi kuingia majini.

Excalibur hutuma masafa mengi kwa pamoja, kati ya kilohezi 1.5 na 25.5, na ndiyo maana hutulia mahali ambapo mashine za masafa ya aina moja huhangaika. Fisher CZ-20, nayo ya zamani, hufuata njia hiyo hiyo kwa masafa mawili, ya kilohezi 5 na 15. Zipo pia mashine za mapigo, kama Tesoro Sand Shark, ambazo hutuma pigo la umeme, husubiri kitambo kidogo mno ili mwitiko wa chumvi ufifie, kisha ndipo husikiliza. Hizo hufika chini sana, ila nyingi hazitofautishi chuma na dhahabu, kwa hiyo mtumiaji huchimba kila msumari na kila kibanio cha nywele. Na kwa kuwa mwitiko wa mkufu mwembamba wa dhahabu nao hufifia upesi, mara nyingi huupita bila kuusikia.

Kwa hiyo mimi ningeelekea kwenye Excalibur, pamoja na mikwaruzo yake, kwa sharti kwamba ipite ukaguzi. Mikwaruzo ya mpini haina maana yoyote. Kinachoua mashine za majini ni maji yanayopenya ndani taratibu, na dalili zake ni ndogo: unga mweupe au ukijani kwenye vituo vya betri, umande nyuma ya kioo au vitufe, skrubu zilizochubuka vichwa kwa sababu mtu asiye fundi alishazifungua. Fungua kifuniko cha betri uitazame oringi, yaani pete ya mpira inayozuia maji yasiingie. Iliyo nzima ni ya mviringo, laini, na ina grisi kidogo ya silikoni. Iliyobanwa ikawa bapa, au iliyopasuka, haizuii kitu. Oringi yenyewe ni ya bei ndogo na hubadilishwa kwa urahisi, lakini ikiwa imechakaa, jiulize mwenye mashine alipuuza nini kingine.

Kisha iwashe nje, mbali na nyaya za umeme na simu, ambazo huisumbua mashine na kukupa picha ya uongo. Shika waya mahali unapoingilia kwenye koili, ile sahani ya chini inayohisi metali, uutikise polepole. Sauti ikikatika au ikikwaruza, umekutana na ubovu wa gharama kubwa, kwa kuwa katika Excalibur koili na hedifoni zimeunganishwa moja kwa moja na sanduku la mitambo, na kuzibadilisha ni kazi ya fundi. Pitisha pete ya dhahabu, sarafu na msumari mbele ya koili. Iache imewaka muda wa kutosha, kwani betri kuukuu za kuchaji huonekana nzima dakika za mwanzo kisha huzimika ghafla. Hata hivyo, betri ni jambo la kujadiliana bei, si sababu ya kuikataa mashine.

Jaribio la mwisho ni la maji safi, si ya bahari. Ukiruhusiwa, funga kila kifuniko, zamisha sanduku kwenye beseni na uangalie viputo. Vichache vinavyong'ang'ania juu ya plastiki ni hewa ya kawaida, lakini mfululizo wa viputo kutoka sehemu moja ni tundu. Muuzaji akikataa jaribio hili, anayo haki, kwani mali ni yake. Wewe toa bei ya mashine ya nchi kavu tu, wala usiongeze chochote kwa ahadi ya mdomo.

SWALI: Nimeelezwa kwamba Tesoro ya zamani ninayotaka kuinunua ina dhamana ya maisha. Je, hilo linaongeza thamani yake?

JIBU: Haliongezi. Dhamana hiyo ilikuwa ya mnunuzi wa kwanza peke yake, na kampuni yenyewe ilifunga shughuli zake mwaka 2018. White's, kampuni nyingine ya vitambua metali, nayo ilifunga mwaka 2020, kwa hiyo hesabu hiyo hiyo inahusu mashine zake. Si kwamba hazifai. Nyingi bado zinafanya kazi nzuri. Kabla ya kulipa, tafuta fundi anayezijua na umuulize kama anaweza kupata koili ya toleo hilo hasa. Akisema hana wala hajui pa kuipata, linganisha bei unayotajiwa na muda ambao koili iliyomo huenda ikadumu, kwa sababu siku itakapokufa, mashine nzima itakuwa imekufa nayo.