Re: Homa usiku baada ya kemo (dawa za kutibu saratani), na suala la kunyoa nywele

Dada, pole sana. Umeuliza kama homa ya usiku inaweza kusubiri asubuhi. Isisubiri! Kipimajoto kikifika nyuzi 38, piga simu hospitali saa hiyohiyo, na usimeze parasetamoli kabla hujaongea nao, maana inashusha homa huku maambukizi yakiendelea. Chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, mara nyingi hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu ya kemo, kwa hiyo siku hizo kipimajoto kilale karibu na mto wako, na mgeni mwenye mafua aje siku nyingine.

Nywele, uamuzi ni wako. Wengi hunyoa zikianza tu kubaki kwenye kitana, wanapata nafuu. Dawa za mitishamba usinywe kabla ya kumwambia daktari wako, tafadhali.