Re: Bima nafuu kwa fundi cherehani, Malindi

Dada, umeuliza utapata wapi bima ya bei nafuu ilhali huna mwajiri, una watoto watatu na kipato chako ni cha kushona magauni. Mimi ningeanza na SHA, mamlaka ya serikali ya Kenya ya bima ya afya, iliyochukua nafasi ya NHIF, ile bima ya taifa ya zamani, Oktoba 2024. Jisajili kwa *147# ukiwa na kitambulisho, kisha waongeze watoto na mumeo, maana mchango ni wa kaya nzima.

Wasio na payslip hukadiriwa kipato. Utaulizwa maswali ya nyumbani: paa ni la makuti au mabati, maji mnatoa wapi, mnapikia nini. Jibu ukweli, lakini usijipambe! Kiwango ni asilimia 2.75 ya kipato, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kinachotuumiza sisi wa jua kali, tuliojiajiri, ni kwamba unalipa mwaka mzima kwa mpigo, yaani 3,600 kwenda juu. Aliyeajiriwa anakatwa kidogo kidogo kila mwezi, sisi tuzitoe zote pamoja. Sioni haki hapo. Kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ila huo ni mkopo, soma masharti. La sivyo, weka akiba msimu wa harusi, oda zikiwa nyingi.

Zahanati na kituo cha afya utatibiwa bure ukishajisajili tu, hata kabla ya kulipa. Mchango unahitajika ukilazwa hospitali kubwa.

Bima za kampuni binafsi? Uliza kwanza muda wa kungoja kabla bima haijaanza kukulipia, hasa kama unapanga kujifungua.