Seva inakwama ikiwaka: angalia video ya iDRAC kwanza

Ndugu, umesema seva yako ya Dell yenye Linux iko mbali, na tangu uiwashe upya haiingiliki kwa SSH (njia ya kuingia kwa amri ukiwa mbali). Usiizime-zime ovyo: iDRAC (kifaa cha Dell ndani ya seva cha kuisimamia ukiwa mbali) hutunza video za mizunguko 3 tu ya mwisho ya kuwaka, kwa hiyo kila unapoizima unafuta ushahidi wako mwenyewe.

Ingia iDRAC, fungua Maintenance, kisha Troubleshooting, kisha Video Capture (inahitaji leseni ya Enterprise). Chagua irekodi mpaka bafa (nafasi ya kurekodia) ijae. Ukichagua mwisho wa POST (ukaguzi wa vifaa seva inapowaka), inakata kabla Linux haijaanza, na mara nyingi tatizo liko huko.

Icheze video hiyo polepole. Ukiona “A start job is running for /dev/disk/by-uuid/…” ikihesabu hadi 1min 30s, kisha “emergency mode” (hali ya dharura), kosa limo kwenye /etc/fstab (faili lenye orodha ya diski za kuunganishwa wakati wa kuwaka): diski imetajwa lakini haionekani, au UUID yake (namba ya utambulisho) imebadilika baada ya kufomatiwa. Fungua konsoli ya mbali, weka nywila ya root, linganisha UUID na majibu ya `blkid` (amri inayoorodhesha UUID za diski), rekebisha. Diski ya data iongezee `nofail`, ili seva iendelee kuwaka hata isipoonekana. Ile ya / (ya mfumo wenyewe) usiiongezee. Jaribu `mount -a` (huunganisha diski zilizo kwenye fstab) kabla ya kuiwasha tena, tafadhali, hatua hii watu huiruka.

Video ikionyesha nembo tu, kwenye GRUB (menyu ya kuwasha Linux) bonyeza e, futa `quiet` na `rhgb` zinazoficha ujumbe, kisha bonyeza Ctrl+X iwake.